Katekista Aliyetuhesabia Siku za Ng'ombe

Jina lake silitaji. Si kwa heshima. Heshima nilimpa nyingi na hakuna iliyobaki. Silitaji kwa sababu watoto wake wapo hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa huku Uganda, wananiamkia vizuri, na mtoto hachagui baba. Wengine nitawataja. Yeye abaki Katekista, maana ndivyo tulivyomwita wote, hata mke wake: "Katekista, njoo ule."

Alizaliwa wapi na ukoo gani, hayo waulizwe wanaojua. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Naandika ninachokikumbuka.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na mkono wa kulia ulikuwa umelegea begani. Kule kwetu Burundi, kabla ya ukatekista, kazi yake ilikuwa kupandikiza ng'ombe mimba. Alivaa glavu ya plastiki inayofika begani, akaingiza mkono nyuma ya ng'ombe, akaushika mfuko wa uzazi kwa ndani, na kwa mkono mwingine akapitisha mbegu za dume kwa mrija. Alifanya hivyo miaka mingi. Akisimama kanisani kusoma somo, mkono ule ulining'inia kama wa mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.

Glavu moja alikimbia nayo. Wengine walikimbia na sufuria, na picha za harusi, na mbuzi. Yeye alivuka mpaka na glavu ya ng'ombe imekunjwa ndani ya Biblia. Aliiosha kila wiki na kuianika kwenye waya pamoja na mashati ya watoto. Mgeni aliyepita kijijini kwetu Misiera mara ya kwanza alidhani kuna mtu amechunwa ngozi.

Nilifika hapa na mume wangu Evariste na nguo za mwilini. Baba, mama, kaka zangu wote, vita iliwamaliza, na waliowaua walikuwa majirani, si wageni. Katika ukoo wetu nilibaki mimi. Ndiyo maana nilitaka mtoto. Watu wanataka mtoto wa kuwazika, wa kuchota maji, wa kumfurahisha mume. Mimi nilitaka mtu mmoja tu duniani mwenye pua ya baba yangu.

Wakati huo paruwasi, yaani parokia yetu, ilitafuta mtu wa kufundisha watu wa ndoa njia ya asili ya kupanga uzazi, ile ya kuhesabu siku, isiyo na kidonge wala sindano. Padri akasema: "Huyu bwana anajua mambo ya uzazi." Hakuuliza uzazi wa nani. Padri huyo ni wa kwanza katika wale ninaowashitaki. Alihamishwa zamani, lakini akisoma haya atajijua.

Basi Katekista akawa mwalimu wetu nyuma ya kanisa, chini ya mabati. Na alifundisha vizuri, nisimnyime haki yake. Siku moja alirudi kutoka mjini Mbarara na ndoo imefunikwa kitambaa. Alikuwa amepitia machinjioni akaomba mfuko wa uzazi wa ng'ombe. Akautandaza juu ya jani la mgomba, akavaa glavu yake, akaanza.

"Hii ndiyo nyumba ya mtoto. Huu ni mlango. Ukipita mlango, nyumba inagawanyika pembe mbili, kushoto na kulia."

Mama Chantal, Mukongomani muuza ndagala, wale dagaa wakavu, ambaye sauti yake ilisikika mpaka ziwani, akaruka: "Yesu wangu! Kumbe tuko na mapembe? Ndiyo sababu bwana yangu anaogopaka kunikaribia!"

Wanawake tukacheka mpaka khanga zikalegea. Katekista hakukasirika. Hakuwahi kukasirika.

"Huku mwisho, hivi viwili mfano wa harage, ndiyo fasi ya mayai. Yai linakomaa lenyewe? Hapana. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo sana. Inatuma homoni ndani ya damu. Homoni ni mjumbe. Hana miguu, anabebwa na damu, anafika kwenye yai, anasema: amka."

"Na likiamka?"

"Linajibu. Nalo linatuma homoni yake, nyumba inaanza kutandikwa, ng'ombe anapata joto. Anapanda wenzake, analia, hali majani. Hiyo ndiyo siku yake ya kupokea mbegu."

"Na sisi, Katekista, tunaliaka siku gani?"

"Wewe Mama Chantal unalia kila siku, hatuwezi kujua."

Hapo hata wanaume waliokuwa wamesimama mbali wakisingizia kutengeneza baiskeli walicheka.

Hayo ya wajumbe yalikuwa kweli. Niliyathibitisha baadaye sana. Kosa lilikuja mwisho wa somo, alipokuwa ameshavua glavu. Ng'ombe, joto likimwisha, siku moja au mbili baadaye hutoka damu kidogo kwenye mkia. Mfugaji akiiona anajua yai limeshapita, dume limechelewa. Katekista alikuwa ameiona damu hiyo maisha yake yote. Sasa akatugeukia sisi.

"Mwanamke akiona damu, ajue yai limepita jana. Anayetaka mtoto, wakutane kabla damu haijaonekana, matiti yakiuma na kiuno kikikata. Siku nyingine mume atulie, dume halichoshwi. Anayetaka kupumzika kuzaa, awe huru katikati ya mwezi."

Mama Chantal hakucheka safari hii. "Lakini Katekista, ule ute wenye kuvutika kama weupe wa yai bichi, ule umesema ng'ombe anaupataka kwenye joto, sisi tunaupata katikati ya mwezi. Na unakuwaka mingi."

"Ee, ni kweli," wakasema wengine. Na mimi nilisema.

Katekista akafikiri, akafuta vidole kimoja kimoja. "Hiyo ni sababu ya posho," akasema. "Unga wa msaada unaharibu maji ya mwili. Mungu hana michoro miwili. Alivyopanga kwa ng'ombe, ndivyo alivyopanga kwa mwanamke."

Msomaji, nakuambia sasa hivi usije ukapotea kama mimi: ni kinyume. Damu ya mwanamke si ya yai lililopita jana. Ni matandiko yanayotupwa nje kwa sababu mgeni hakuja. Yai linatoka kama katikati, kati ya damu na damu, na halikai. Likikosa mbegu siku hiyo linakufa. Ule ute ndio unaotangulia kusema yai liko njiani. Kwa hiyo siku alizoziita huru ndizo siku za mtoto, na siku alizonipa mimi zilikuwa nyumba tupu. Ushahidi ulikuwa kwenye nguo zetu za ndani, Mama Chantal akausema mbele ya watu, na tukaambiwa ni posho.

Alikuwa na maneno yake. "Mwili hauna haraka, una ratiba." "Tumbo halisahau, anayesahau ni mwenye tumbo." Aliyasema taratibu, akiangalia chini, ukaona kama ameyaokota pale pale. Nilikuwa nikiyarudia nikipalilia maharage.

Na alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo linanichoma. Angekuwa mlaghai ningemchukia na kupumzika. Hakuchukua kwa mtu hata yai la kuku. Palikuwa na bwana mmoja karibu na kisima, alimpiga mkewe kila akilewa. Katekista alienda akaketi mlangoni kwake, akasali rozari kwa sauti, akimaliza anaanza tena, mpaka bwana yule akatoka akamwambia: "Basi, Katekista, nimesikia, nenda nyumbani." Ng'ombe wa Mnyankole mmoja, mwenyeji wa hapa, alipokufa akizaa, Katekista alilia machozi hadharani, na Wanyankole wenyewe wakashangaa mkimbizi analilia ng'ombe wao.

Nilipougua malaria alikuja na uji kwenye chupa, akaukoroga mwenyewe. "Kunywa, Mama Anakuja."

Hilo ndilo jina alilonipa. Kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake. Asiye na mtoto anaitwa kwa mume, au haitwi. Yeye alisema haiwezekani mama akose jina, basi mpaka mtoto afike, niwe Mama Anakuja. Mwanzoni lilikuwa tamu kama asali. Baadaye watu wote walilichukua, na kila mwaka likaongezeka uchungu, hata watoto waliponiita hivyo kisimani bila kujua maana nilitamani kuacha ndoo niende.

Mke wa Katekista alikuwa na watoto wengi kuliko vikombe vya nyumba yake, na hakuwahi kufika kwenye somo hata siku moja. Tulimuuliza. Akasema: "Huyu anawahesabia wenzangu. Akinihesabia mimi, nazaa." Tukacheka. Hakuna aliyesimama akauliza: kwa nini mke wa mwalimu anazaa siku za kupumzika?

Na si yeye peke yake. Wanawake waliochoka kuzaa walimfuata Katekista, wakawa huru katikati ya mwezi kama alivyosema, wakapata mimba wote. Unadhani watu walimkasirikia? Walisema mkono wake una baraka! Watoto walibatizwa kwa jina lake. Yeye alifurahi, akasema: "Mungu amezidi hesabu yangu." Sifa zikafika mpaka vijiji vya upande wa pili wa ziwa, na wanawake wasio na watoto wakaja kwake kwa miguu. Wale wabishi, waliosahau siku zake au ambao waume zao hawakutaka kungoja, walizaa. Tuliotii tulibaki tumekaa.

Mimi nilitii kuliko wote, na maisha yetu yalirahisisha utii. Evariste alipata kazi Bwizibwera, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kuosha na kupakia madumu. Bosi alimruhusu kuja nyumbani siku chache tu kila mwezi. Tulikwenda wawili kwa Katekista tukamuuliza siku hizo ziwe zipi. Akatueleza, akatuombea, akatuwekea mikono. Tangu hapo, matiti yakianza kuuma nilimpigia Evariste simu: "Njoo, dalili zimeanza." Anakuja na maziwa kwenye kidumu. Damu ikitokea, anarudi Bwizibwera. Mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Mtu angekaa apange kwa makusudi mwanamke fulani asizae, asingeweza kupanga vizuri zaidi.

Si kwamba sikuuliza. "Katekista, mbona damu imekuja tena? Si ndiyo kusema hakuna mimba?"

"Hiyo ni ya hesabu iliyopita. Ya sasa bado inafanya kazi. Vumilia."

Nikavumilia.

Sasa wengine. Sadiki, wa duka la dawa karibu na Base Camp, makao makuu ya kambi, jina lake nalitaja. Nilimwendea nikitaka dawa ya kusaidia tumbo, akanipa vidonge, akasema ni vya kupanga homoni. Nilivimeza muda mrefu. Mwezi wangu ukanyooka, hauchelewi, hauwahi, nikaimba. Vilikuwa vidonge vya kuzuia mimba. Vinaudanganya ubongo kwamba kazi imeshafanyika, basi ubongo hautumi mjumbe, na yai linaendelea kulala. Sadiki alijua. Kwenye pakiti palikuwa na picha ya baba, mama na watoto wawili wanacheka.

Wifi yangu Goreti alimwambia kaka yake, nikiwa nasikia: "Unamwagilia jiwe, ukitegemea litachipua." Siku nyingine aliniletea mtoto wake mchanga nimshike, nilipomzoea akamchukua: "Basi, asije akazoea mkono mkavu."

Na Evariste. Kule Bwizibwera alichukua msichana mmoja Mnyankole. Kwa huyo hakukuwa na Katekista wala simu wala siku. Alikaa naye mwezi mzima kama watu wanavyokaa. Msichana akashika mimba kabla mahindi ya msimu huo hayajakauka. Evariste hakuja kuniaga. Alimtuma dereva wa lori na kidumu cha maziwa na neno: "Mwambie asinihesabie kosa, ni Mungu." Si Mungu, Evariste. Ni katikati ya mwezi.

Lakini hilo sikulijua bado. Nilienda kuambiwa Mbarara, kwenye hospitali kubwa, mwezi wangu ulipokuwa umeanza kuruka, na joto la ajabu linanipanda katikati ya Misa, jasho linatiririka wakati wenzangu wamejifunika masweta. Nikadhani ni mimba. Ucheke usicheke, nilidhani ni mimba.

Walinipima damu. Aliyenieleza majibu ni muuguzi mnene, mke wa mwanajeshi, ndiyo maana alijua Kiswahili, kile cha kambi ya jeshi.

"Nyabo, mama yangu, hapana mimba. Homoni ile ya kichwa iko juu sana. Inaita mayai, inaita, inaita, lakini huko chini hakuna mtu ya kujibu. Ndiyo hiyo joto unasikia."

"Yatajibu lini?"

"Hapana, nyabo. Musichana anazaliwa na mayai yake yote. Hawaongezi ingine. Yako imekwisha, na imekwisha mapema kidogo."

Akachukua kalamu akanichorea kwenye boksi la glavu. Mlango, nyumba, mirija miwili myembamba, mayai. Nikaangalia mchoro.

"Na pembe?" nikamuuliza.

"Pembe gani?"

"Za nyumba ya mtoto."

"Nani alikuambia mwanamke iko na pembe?"

"Katekista."

"Huyo katekista wako alisoma wapi?"

"Kwa ng'ombe," nikasema.

Alicheka, mikono mezani, kichwa chini, boksi likatikisika. Kisha akainua uso akaniona. Akavuta kiti karibu, akanieleza siku, moja moja. Alipofika katikati ya mwezi nilimwambia aache, nimeelewa. Aliendelea. Alidhani sijaelewa.

Sikurudi kumpigia Katekista kelele. Wakati huo somo lake lilikuwa limekufa zamani, watoa huduma wengine walikuwa wameleta sindano na vipandikizi, na wasichana wa siku hizi wanajua ute ni nini kuliko mapadri. Kumwambia nani? Nilikwenda kwa padri mpya, akanisikiliza vizuri, akasema mzee ni mgonjwa, tumwache na Mungu wake.

Mgonjwa kweli. Kiangazi kilichopita nilikuwa Mbarara kuchukua dawa ya presha, nikamkuta kwenye benchi la hospitali. Sikumtambua kwanza. Yule mtu mwembamba alikuwa amenenepa, uso laini, na chini ya shati kifua kimechomoza kama cha msichana. Jasho linamtoka. Alikuwa anajipepea na kofia.

"Salama, Katekista."

"Mama," akasema, akaishia hapo. "Kaa. Kaa hapa, dirisha lina upepo."

Nikakaa. Akaniambia ana saratani ya tezi dume, ile tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu. Ugonjwa unakula homoni ya kiume, basi wanamchoma sindano ya kuizima.

"Wamenihasi bila kisu," alisema, akajaribu kucheka. "Tangu sindano ya kwanza joto linapanda kutoka hapa mpaka masikioni. Usingizi hakuna. Nalia ovyo. Wewe unalijua hilo joto?"

"Nalijua."

Na wakati ule ule likanipanda na mimi. Tukakaa wawili tunatoka jasho kwenye benchi moja, mwanamume na mwanamke, na watu wanapita na masweta yao. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa miaka. Yalipotoka yalikuwa machache.

"Katekista, uliwahi kujua?"

Hakuuliza kujua nini. Aliweka kofia kwenye goti.

"Nilijua."

"Lini?"

"Walituita semina hapa hapa Mbarara, makatekista wa paruwasi zote. Siku ya kwanza tu, dada mmoja akachora ubaoni. Nikaona siku zangu zote ziko kichwa chini."

"Ni mwaka gani?"

"Mwaka ule upepo ulipong'oa paa la kanisa."

Mwaka huo naukumbuka. Mabati yalipatikana shambani kwa watu. Mwaka huo vidonge vya Sadiki nilikuwa sijavianza, na mwezi wangu ulikuwa unakuja bila kukosa. Evariste alikuwa bado anapanda gari kuja kwangu, na msichana wa Bwizibwera alikuwa hajamjua. Bado kulikuwa na mayai, na bado yalikuwa yanajibu.

"Ukarudi ukatuambia nini?"

"Nilisema koo linaniuma, siwezi kufundisha tena."

Kweli. Tulimfanyia novena ya koo, sala za siku tisa. Siku ya mwisho nilifunga, sikula kitu.

"Nilipita kwako kila Jumapili, Katekista. Baada ya Misa. Nilisimama mbele yako. Neno moja tu: sogeza siku. Usingeniambia hata sababu, ningesogeza. Kwa nini hukuniambia?"

Nilidhani ataitaja aibu, au Padri, au wale watoto waliobatizwa kwa jina lake.

"Ulikuwa unanisalimia vizuri sana," akasema. "Ulishika mkono wangu kwa mikono yako miwili. Nikaona nikikuambia, hutanisalimia hivyo tena."

Muuguzi akaita aingie. Alishindwa kunyanyuka, akaninyooshea mkono. Nilimwinua, maana alikuwa mzito na watu walikuwa wanatazama. Sikumwambia kwaheri.

Bado yuko hai. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na shamba moja la maharage, njia ni hiyo moja, na akiniona huvua kofia. Simsalimii.